Jibu: Hilux ya dizeli inaunguza rilei ya hita plagi

Mkuu, umesema hii ni rilei (swichi ya umeme) ya tatu kuungua kwenye hita plagi, yaani plagi zinazopasha injini ya dizeli joto kabla ya kuwaka, na sasa waya zimeanza kuyeyuka. Usinunue nyingine kwanza.

Chomoa rilei, mulika soketi kwa tochi. Plastiki ikiwa imeyeyuka kwenye pini moja tu na shaba yake imekuwa nyeusi, pini imelegea, ndiyo inayozalisha joto. Rilei mpya hapo itaungua vilevile. Weka soketi mpya na waya wa unene uleule wa awali. Hita plagi nne kwa pamoja huweza kuvuta zaidi ya ampea 40, waya wa taa hauwezi.

Kisha fungua lile bamba linalounganisha plagi, pima moja moja kwa mita ukiiweka kwenye ohm (ukinzani). Inayosoma chini sana kuliko wenzake imepiga shoti, itoe.

Na kwa kuwa unabeba dagaa kutoka mwaloni Kirumba, maji yanachuruzika hadi kwenye chesisi, kagua ethi ya injini, yaani waya unaounganisha injini na hasi ya betri. Ikioza, umeme wa stata hupitia nyaya nyembamba na kuziunguza. Weka mita kati ya hasi ya betri na bloku ya injini, mtu apige stata: ikizidi volti 0.5, safisha ethi hiyo au ibadilishe.

Fundi akitaka kuunga bila fyuzi, mkatalie kabisa. Gari linaweza kuteketea.