Maswali ya Wasomaji: Lenzi za Zamani na Mistari ya Fremu

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba aliniachia lenzi tatu za Leica za bayoneti ya M (kifungio kinachoishika lenzi kwenye kamera), za milimita 35, 50 na 90, ambazo alizitumia miaka mingi kwa kamera ya filamu. Sasa nimepata Leica M8, kamera ya dijitali, iliyokwishatumika. Lenzi zinaingia bila taabu, lakini picha za mbali huonyesha vitu nilivyoviacha nje ya mistari ya fremu, ile inayoonyesha mipaka ya picha kidirishani, na ile ya milimita 35 haina tena upana niliouzoea. Je, tatizo ni kamera, ni lenzi, au ni jicho langu?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Ndugu yetu wa Tanga, vyote vitatu ni vizima, na tunakuomba sana usiziuze lenzi hizo. Bayoneti ya M imekuwapo tangu mwaka 1954, na ndiyo maana urithi wako unaingia katika kamera iliyotoka mwaka 2006.

Suala la upana ni jepesi. Filamu ya baba yako ilikuwa na milimita 24 kwa 36, ilhali sensa ya M8, yaani kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, ina milimita 18 kwa 27. Lenzi inaendelea kuangusha duara lile lile la mwanga, ila sensa huchukua kipande cha katikati tu, kwa hiyo lenzi ya 35 huona kama ya 47, ya 50 kama ya 67, na ya 90 kama ya 120. Ukiutaka upana wa zamani, lenzi ya milimita 28 itakukaribisha sana, kwani hapo huwa kama ya 37.

Suala la mistari linahitaji subira zaidi. Katika kamera ya aina hii hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilicho pembeni, na mistari inayong'aa ndani yake hukukadiria tu kile ambacho lenzi itakichukua. Unapoifunga lenzi, bayoneti yake husukuma kijiti kilicho ndani ya kamera, nacho huleta fremu mbili kwa pamoja: 24 na 35, au 28 na 90, au 50 na 75. Lenzi zako zote tatu zina fremu zake humo.

Sasa, mistari hiyo ina ukubwa mmoja usiobadilika, lakini eneo linaloonwa na lenzi hubadilika kadiri unavyorekebisha fokasi. Lenzi ya milimita 50 ikitolewa kwenye umbali usio na mwisho na kuletwa kwenye sentimita 70, husogea mbele kwa takriban milimita 4, na kule kusogea kunapunguza upana na urefu wa eneo linaloingia katika picha, kila kimoja kwa karibu asilimia 8. Watengenezaji wa M8 waliichora mistari ilingane na picha kwenye sentimita 70, ili mtu asijikute amekata kitu alichokiona ndani ya fremu. Matokeo yake ni hayo unayoyaona: kwa mlango ulio karibu mistari inasema kweli, lakini kwa jahazi lililo mbali baharini picha inakuwa pana kuliko fremu. Katika M8.2 ya mwaka 2008 mistari ilipimwa kwa mita 2, na katika M9 ya mwaka 2009, ambayo sensa yake inalingana na filamu, ilipimwa kwa mita 1. Kwa maoni yetu mita 2 ndiyo chaguo bora kwa anayepiga watu mitaani, lakini hakuna umbali mmoja unaoweza kufaa picha zote.

Dawa ni kuzipima lenzi zako mwenyewe. Tafuta ukuta wa matofali ambao haukupigwa lipu, simamisha kamera juu ya miguu mitatu ikiuelekea ukuta sawasawa, weka fokasi, kisha hesabu matofali yaliyomo ndani ya mistari, kutoka kushoto hadi kulia na kutoka juu hadi chini. Piga picha, uhesabu tena kwenye skrini. Rudia kwa mita 1, mita 2, mita 5 na mbali zaidi, kwa kila lenzi, na uandike tofauti katika daftari. Baba yako angelazimika kungoja filamu isafishwe; wewe utamaliza kazi hiyo asubuhi moja, na baada ya wiki chache jicho litakuwa linaongeza lile tofali moja lenyewe.

Jambo moja la mwisho kwako: weka fokasi kwanza, ndipo upange picha. Mistari husogea chini na pembeni kadiri kitu kinavyokuwa karibu, ili kufidia nafasi iliyopo kati ya kidirisha na lenzi, na anayepanga kabla ya fokasi huishia kukata sehemu aliyodhani ameihifadhi.

SWALI: Je, ni kweli kwamba lenzi za zamani zinahitaji kichujio maalumu zikitumiwa kwa M8? Mimi hupiga picha za harusi.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ni kweli, lakini sababu iko katika sensa, wala si katika lenzi. Kioo kinachoifunika sensa ya M8 ni chembamba na hupitisha miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni, hivyo vitambaa vyeusi vya nailoni au poliesta huelekea rangi ya zambarau, na buibui nyingi hushonwa kwa vitambaa vya namna hiyo. Funga kichujio cha kuzuia infraredi mbele ya kila lenzi. Kwa lenzi nyingi za zamani za milimita 50 kipenyo chake ni milimita 39.

SWALI: Nina lenzi ya Minolta M-Rokkor ya milimita 40. Nikiifunga kwenye M8 hupata fremu ya 50 na 75. Nifuate ipi?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Usiifuate hata moja, kwa sababu picha itakuwa pana mno kuliko fremu ya 50. Mbele ya kamera, kando ya lenzi, kuna kijiti cha kuchagulia fremu; kisukume hadi fremu ya 35 ionekane, kisha panga picha yako ndani kidogo ya mistari hiyo. Ukikiachia, fremu ya 50 hurudi yenyewe, kwa hiyo kishikilie kwa kidole mpaka uwe umeamua kingo za picha ziko wapi.