Waya wa plagi mbele ya gari

Ukiona magari ya huku Kanada yana waya wa plagi mbele, unaweza kuuliza kama ni ya umeme. Hapana, hayo si magari ya umeme. Waya unaouona ukining'inia chini ya boneti ni wa hita ya injini. Nakaa mji wa Brooks, jimbo la Alberta, na huku karibu kila gari linao. Baridi ikifika nyuzi -30, oili inakuwa nzito kama asali, betri inapoteza nguvu, unawasha stata inakoroma tu. Hita inapasha maji ya rejeta yaliyomo ndani ya injini, basi asubuhi gari linawaka bila shida.

Si lazima uchomeke usiku kucha. Saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha, wengi tunatumia soketi yenye taima. Na kwenye maegesho mengine umeme wa soketi huwaka na kuzimika kwa zamu ili kupunguza bili, kwa hiyo usikimbilie kusema soketi mbovu.

Ila kama unahamia Victoria au Vancouver, miji ya pwani ya magharibi ya Kanada, usihangaike na hita, kule baridi haifiki kiwango hicho. Ukinunua ekstensheni, chukua ya nje. Ya ndani mpira wake unakakamaa na kupasuka. Na chomoa kabla hujaondoka!