Nikiifuta programu, nikiwasha kompyuta imerudi. Nifanyeje?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nilipakua programu ya bure ya kugeuza nyaraka kuwa PDF. Tangu hapo Chrome inanifungulia ukurasa wa utafutaji nisioujua, na matangazo yanachomoza chini ya skrini hata nikiwa sijafungua kitu. Niliona jina geni kwenye orodha ya programu, nikaliondoa. Nilipozima na kuwasha, nikalikuta tena. Natumia Windows 11. Mmoja ananishauri ninunue programu ya kusafisha, mwingine anasema nipige Windows upya. Nina kazi zangu nyingi humo. Nisaidie.

JIBU: Pole sana kwa usumbufu. Usinunue kitu, na usipige Windows kwanza. Programu inayorudi baada ya kufutwa imeacha kitu kingine ndani ya kompyuta ambacho kazi yake ni kuirudisha. Kitu hicho hakipo kwenye orodha uliyoiona, ndiyo maana ukifuta jina leo, kesho unalikuta palepale. Kwa hiyo tunatafuta kinachoirudisha.

Matangazo nayaweka kando, kwa sababu mara nyingi hayatoki kwenye programu yoyote. Litazame tangazo lenyewe likichomoza: kama lina jina la Chrome na anwani ya tovuti, hiyo ni arifa ya tovuti uliyoiruhusu bila kujua, pengine ulipoambiwa ubonyeze Allow kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani, kisha ondoa tovuti zote usizozitambua. Antivirusi haiwezi kukusaidia hapo, maana hakuna faili la kukamata.

Sasa programu yenyewe. Nakili kwanza nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Mafaili ya kusakinishia programu usiyanakili, hasa lile la PDF. Pakua pia Autoruns kutoka tovuti ya Microsoft. Ni ya bure, nasi tutaihitaji. Ukishaipata, zima Wi-Fi, kwa kuwa baadhi ya programu za aina hii hujipakua upya wakati wewe bado unafuta.

Fungua Settings, Apps, kisha Installed apps, uipange orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Programu hizi husafiri kwa makundi, kwa hiyo angalia kila kilichoingia siku ile ulipoweka ile ya PDF. Tarehe peke yake si ushahidi, kwani hata programu halali ikisasishwa hubadilisha tarehe. Lakini jina usilolijua, lililoingia siku ileile, lina kesi ya kujibu. Unapoliondoa, soma kila dirisha linalotokea. Baadhi huuliza swali kwa kulizungusha, ili kitufe kikubwa chenye rangi kiwe ndicho cha kuibakiza.

Kisha fungua Autoruns kama msimamizi wa kompyuta (bofya kulia, Run as administrator). Programu hii inaonyesha mahali pote ambapo kitu kinaweza kujiwasha chenyewe, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Kwenye menyu ya Options chagua Hide Microsoft Entries, orodha itapungua sana. Halafu soma kurasa tatu: Logon, Services na Scheduled Tasks. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoishuku zaidi katika hali kama yako. Ina kazi zilizopangwa kujiendesha kompyuta inapowaka au kila baada ya saa kadhaa, na moja ikiwa na amri ya kupakua na kusakinisha, basi umempata mhusika.

Kwa kila mstari, tazama mchapishaji na mahali faili lilipo. Faili lisilo na mchapishaji aliyethibitishwa, lenye jina la herufi zisizo na maana, lililojificha ndani ya AppData au ProgramData, folda ambamo programu huweka data zao, lishuku. Lakini usihukumu kwa folda tu, maana programu nyingi halali nazo hukaa AppData. Toa alama ya tiki badala ya kufuta: ukikosea, unairudisha na hakuna kilichoharibika. Andika pembeni kila ulichokigusa.

Chrome ina njia zake za kurudisha mambo. Fungua chrome://extensions. Kiendelezi (programu ndogo inayojibandika kwenye Chrome) usichokijua kikikosa kitufe cha Remove, au menyu ya Chrome ikisema inasimamiwa na shirika ilhali kompyuta ni yako binafsi, basi kuna sera, yaani amri ya lazima, imepandikizwa kwenye rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio yake. Andika chrome://policy uone. Ukikuta ExtensionInstallForcelist, hiyo ndiyo amri inayoilazimisha Chrome kusakinisha kiendelezi upya kila ukikitoa. Fungua regedit, kihariri cha rejista, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, ihifadhi sehemu hiyo kwa Export, kisha ufute sera hiyo. Angalia pia njia kama hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Kuna antivirusi ambazo huweka sera zao halali hapo, kwa hiyo futa unayoielewa tu. Na kama kompyuta ni ya kazini, usiguse chochote. Mwite fundi wa ofisi.

Bofya kulia ikoni ya Chrome, chagua Properties, utazame sehemu ya Target. Kwa kawaida inaishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa baada yake, ifute. Halafu fungua Settings, Network & internet, Proxy, uhakikishe hakuna proksi (kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano yako ya intaneti) ambayo hukuiweka wewe. Mabaki ya namna hii si jambo dogo. Mwaka 2015 ilibainika kwamba laptopu kadhaa za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, na aliyeiondoa kwa njia ya kawaida alibaki na cheti chake, hati inayoifanya kompyuta iziamini tovuti, ndani ya Windows, mlango ambao wengine wangeweza kuutumia kusoma mawasiliano yake yaliyosimbwa kwa siri.

Faili likigoma kufutika kwa madai kwamba linatumika, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 uingie Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu. Kabla ya hapo hakikisha unao ufunguo wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski kwa siri, kwa sababu kompyuta inaweza kukudai. Kwa wengi umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Ukiwa humo, baadhi ya programu hazitakubali kuondolewa kwa njia ya kawaida, kwa kuwa huduma ya Windows Installer huwa imezimwa. Usihangaike nazo. Futa faili na folda lililokugomea, urudi Windows ya kawaida.

Malizia na Microsoft Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows: Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, kisha ukaguzi wa offline. Kompyuta itajizima na kuchunguzwa kabla Windows haijawaka, kwa takriban dakika 15, wakati ambao programu mbaya haijaamka kujitetea.

Kuhusu kununua programu ya kusafisha, ushauri wangu ni hapana. Hizi zinazosafisha rejista hazigusi chanzo cha tatizo lako, na kila unachokiongeza ni kitu kingine cha kukiamini. Mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner, programu maarufu ya kusafisha kompyuta, tena kutoka kwa watengenezaji wenyewe, lilisambazwa likiwa na msimbo hasidi ndani yake.

Kupiga Windows ni halali pale Defender inapojizima yenyewe kila ukiiwasha, au ukiona mtu ameingia kwenye akaunti zako. Hapo badilisha manenosiri kwa kutumia kifaa kingine, kisha tumia Reset this PC, Remove everything, na Cloud download. Itapakua takriban GB 4, lakini utapata Windows safi.

Ukimaliza yote, washa Wi-Fi, zima na kuwasha kompyuta, uitumie siku mbili tatu. Jina likirudi, fungua Autoruns tena, uniandikie mistari mipya iliyojitokeza pamoja na njia kamili ya kila faili.