Kamba ya nanga: usipime kilo peke yake

Usiku mmoja wa kusi kamba ya nanga ya ami ilikatika, na asubuhi tukaikuta ngalawa imepanda mwamba, mrengu mmoja umevunjika. Ilikuwa katani mpya. Mimi ndiye niliyemshauri ainunue, kwa kuwa niliipima nikaona inabeba kilo nyingi kuliko usumba wa kwetu Jambiani, yaani nyuzi za makumbi ya nazi yaliyofukiwa shimoni.

Nilipima kilo, sikupima kurefuka. Unyuzi wa katani una nguvu mara mbili na zaidi ya unyuzi wa usumba wa unene uleule, lakini kwa kawaida hurefuka asilimia 2 hadi 3 tu, ukakatika. Usumba hurefuka asilimia 15, hata 30 na kupita. Wimbi likiivuta ngalawa ghafla, kamba isiyorefuka hubeba pigo lote kwa mara moja.

Sasa napima hivi. Uzi uliosokotwa nauzungushia ncha zake kwenye vijiti, mara kadhaa, bila fundo, maana fundo huukata uzi kabla ya wakati wake. Kijiti kimoja juu kwenye boriti, cha chini kinashika ndoo. Ndoo tupu ikishaning'inia na misokoto ikanyooka, ndipo natia alama mbili za wino, sentimita 50 baina yake. Kisha namimina maji polepole kwa kopo, na mwenzangu anashika futi. Lita moja ni kilo moja. Ongeza uzito wa ndoo. Alama zikiwa zimefika sentimita 60 uzi unapokatika, umerefuka asilimia 20.

Ukikatikia kwenye kijiti, jaribio hilo halihesabiwi. Rudia mara kumi, na urefu usibadilike, kwani uzi mrefu una nafasi zaidi ya kuwa na pahala dhaifu. Tafadhali usiridhike na jaribio moja: makumbi yaliyofukuliwa siku moja, shimo moja, hayatoi nyuzi zinazolingana.

Maabara za nguo hupima kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65. Sisi hatuna chumba hicho, basi usilinganishe uzi uliopimwa masika na uliopimwa kaskazi. Kamba ya baharini mimi huiroweka usiku kucha kwanza.

Nanga ya ami sasa ina kamba ya usumba, nene kuliko ile ya katani, maana kwa unene uleule isingetosha.