Nasubiri abiria saa tatu kwa siku: simu yangu inaweza kunisomesha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kiko Msamvu, Morogoro. Nina miaka 27. Kidato cha nne nilipata sifuri, sasa nataka kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo matano. Shule ya jioni siwezi maana jioni ndiyo biashara. Nina simu janja ya GB 16 iliyochoka, na kitochi. Nimejiunga na magrupu tisa ya WhatsApp ya watu wanaorisiti, wanamwaga PDF na video kila siku. Simu imejaa mpaka inakataa kupiga picha, bando la wiki linaisha siku mbili, na nikijiuliza nimejifunza nini sioni. Kijiweni nakaa bila abiria kama saa tatu kwa siku, ila vipande vipande, dakika kumi hapa, ishirini pale. Nifanyeje? Au ninunue simu kubwa kwanza?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Simu usinunue. Hela hiyo iweke pamoja na ada ya mtihani. Utakachohitaji ni memori kadi ya GB 32 na daftari.

Umegusa jambo lenyewe bila kujua: muda unao, ila umekatikakatika. Saa tatu za vipande huwezi kuzisomea kama saa tatu za mezani. Ukifungua PDF ya kurasa 200 ndani ya dakika kumi, dakika nne zinaisha ukitafuta ulipoishia, mbili ukikumbuka ulikuwa unasoma nini, halafu abiria anapunga mkono. Kwa hiyo tutayakata masomo yako yalingane na kusubiri abiria, na yawe yameshakaa ndani ya simu kabla hujatoka nyumbani, bila kutegemea bando.

Mwaka 1991 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Mark Weiser, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, alieleza kwamba kompyuta itakuwa imefika mahali pake siku itakapojichanganya na maisha mpaka tusiitambue tena. Alitoa mfano wa maandishi: unapita barabarani, unasoma mabango, wala hufikirii kwamba unasoma. Simu yako leo inafanya kinyume kabisa. Inakuita kutoka magrupu tisa, na kila inapokuita inakutoa kwenye somo.

Kwa hiyo anza na usafi. Ndani ya WhatsApp ingia Mipangilio, kisha Hifadhi na data, uondoe alama zote kwenye upakuaji wa kiotomatiki: picha, sauti, video na nyaraka, kwa data ya simu na kwa waifai. Hilo peke yake litaokoa bando lako. Kisha fungua sehemu ya kudhibiti hifadhi, futa video kubwa ambazo hujazigusa kwa mwezi mzima. Toka kwenye magrupu manane. Bakia kwenye moja lenye mwalimu anayejibu maswali, nalo linyamazishe, ulisome usiku.

Memori kadi nunua duka unaloweza kurudi, maana kadi bandia zimejaa. Inaandikwa GB 128, simu inaonyesha 128, lakini ndani ina nane, na kila unachoweka baada ya hapo kinaharibika. Nimemwona fundi cherehani mmoja akipoteza rekodi zake za miezi miwili kwa kadi ya namna hiyo, nikaumia kama zangu. Ukifika nyumbani ijaze mafaili mpaka ikaribie mwisho, kisha fungua yale ya mwanzo na yale ya mwisho kuyaingiza. Yakifunguka yote, iko salama. Jua pia kwamba kadi za GB 32 kwa kawaida huja na mpangilio unaoitwa FAT32, na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata nafasi ikiwepo. Watu wengi hurudisha kadi nzima kwa sababu hiyo tu.

Sasa masomo yenyewe. Chombo chako kikubwa kitakuwa sauti, tena sauti yako mwenyewe, na itakaa kwenye kitochi. Video ya saa moja kwa kawaida inakula mamia ya MB. Sauti ya mtu anayeongea, ikihifadhiwa kwa MP3 ya kilobiti 32 kwa sekunde, inachukua takriban MB 14 kwa saa, na inasikika vizuri tu. Maana yake GB moja inabeba saa karibu 70. Kitochi chenye tundu la kadi kinazicheza, na betri yake inakaa siku kadhaa. Simu janja nyingi hurekodi kwa M4A, ambayo vitochi vingi havisomi. Badili kwanza kuwa MP3 kwa programu ya bure ya kubadili sauti.

Usirekodi kurasa za kitabu kama mtangazaji anavyosoma taarifa ya habari. Rekodi maswali. Soma swali, nyamaza ukihesabu mpaka kumi, ndipo useme jibu. Hivi:

“Nyongo inatengenezwa na kiungo gani?”

Kimya. Hapo ndipo unapojibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, ukiwa umeegemea pikipiki.

“Ini. Kifuko cha nyongo kinaihifadhi tu, hakiitengenezi.”

Kile kimya ndicho darasa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa saikolojia huko Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Kundi moja likayarudia kuyasoma, jingine likayasoma mara moja kisha likajitahini kwa kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojitahini walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Wewe mtihani wako hauji baada ya dakika tano. Ndiyo maana umesoma mafaili ya magrupu muda wote huo na huoni ulichopata: ulikuwa unasoma tu, hakuna aliyekuwa anakuuliza.

Maswali ya somo linaloandikwa kwa Kiingereza yasome kwa Kiingereza, kama yatakavyokuja kwenye karatasi, kisha jieleze kwa Kiswahili. Uelewe kwa lugha unayoiota, ujibu kwa lugha ya mtihani. Kila rekodi isizidi dakika nane, na jina la faili lianze na somo na namba, BAIO-01, BAIO-02, ili kitochi kizipange chenyewe.

Chombo cha pili kiko kwenye simu janja: AnkiDroid. Ni programu ya bure, haihitaji intaneti ukishaiweka, na inafanya kazi hata kwenye simu iliyochoka. Unaandika kadi, upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Ukikosa, kadi inarudi muda si mrefu. Ukipata, inarudi kesho, kisha baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha mwezi. Inaahirisha unalolijua na kukusumbua kwa lile unalolisahau. Msingi wake ni wa zamani: mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba usahaulifu mwingi hutokea saa za mwanzo, halafu mwendo wake hupungua.

Wengi hushindwa na AnkiDroid kwa sababu wanaandika kadi mbaya. “Eleza vita vya Maji Maji” si kadi, ni insha. Ikate. Vilianza mwaka gani? 1905. Watu walilazimishwa kulima zao gani? Pamba. Kinjikitile Ngwale alikuwa akitoa maji wapi? Ngarambe. Kwa nini silaha za Wajerumani ziliwazidi? Kila kadi jibu moja, la kutamka kwa pumzi moja. Kadi mpya ziwe kumi kwa siku, zisizidi, hata kama una ari. Ukizoea, kumi mpya kwa siku huzaa marudio ya kadi 70 hadi 100 kila siku, na kwa sekunde kumi kila moja hiyo ni robo saa. Ukiweka 40 mpya, ndani ya wiki tatu utakuwa na deni la kadi litakalokukimbiza. Na kadi ziandike wewe, za kupakua kwa watu ziache. Kuamua swali liwe lipi ni nusu ya kujifunza.

Vitabu vipate kwa halali na bure: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Pakua mara moja kwa wiki, usiku au penye waifai, kitabu unachokihitaji wiki hiyo tu. Kwa kamusi ya mambo weka Kiwix, inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Ya Kiswahili itaingia kwenye memori kadi yako bila tabu. Ya Kiingereza nzima yenye picha inapita GB 90, achana nayo, chukua mkusanyo wa somo moja moja.

Kitu ambacho magrupu yako hayajakutumia, nami ningekuwa na uwezo ningekigawa stendi nzima, ni taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zipo kwenye tovuti yao, bure, kwa kila somo. Zinaonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, pamoja na nakala za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Chukua za miaka mitatu. Kila kosa lililotajwa humo, ligeuze kuwa kadi.

Akili mnemba unaweza kuitumia siku ukiwa na bando, kwa kazi ya kukuuliza maswali au kukueleza hesabu uliyokwama. Ila inakosea huku ikijiamini, kwa hiyo jibu lolote la kwenda kwenye kadi lihakiki kwanza kitabuni.

Fungia vyombo hivi kwenye mambo unayoyafanya kila siku, usingoje hamu. Ukifika kijiweni na kuegesha pikipiki, kadi kumi kabla ya stori. Ukiwa wa tatu kwenye zamu, rekodi moja. Ukipanga foleni sheli, zima injini, simu iache mfukoni, jitajie majibu ya jana kichwani. Na hili nakuomba kama kaka: pikipiki ikitembea, hedifoni zisiwe masikioni, hata moja. Masikio yako ndiyo yanayokuambia lori liko nyuma.

Kuna kitu kimoja simu haitakufanyia. Mtihani unaandikwa kwa mkono, kwa muda uliopimwa, na vidole vyako vimekaa miaka bila kuandika insha. Chagua asubuhi moja ya wiki, Jumapili kama hufanyi kazi, ukae mezani na swali moja refu la mtihani uliopita na saa mbele yako. Hisabati nayo ni ya daftari tu, kadi zitakusaidia kanuni lakini si kukokotoa. Ukimaliza piga picha ukurasa, umtumie mwalimu wa lile grupu ulilobaki nalo, asahihishe.

Ukikwama kwenye kubadili M4A kuwa MP3, niandikie aina ya simu na toleo la Android, nikuelekeze hatua kwa hatua.