Ngozi ya sofa usiishonee mkoba wa baiskeli

Mkuu, weka mkasi chini kwanza. Umesema umepata mabaki ya ngozi ya sofa, laini, rahisi kushona, unataka kutengeneza mkoba wa kufunga nyuma ya kiti cha baiskeli. Ukauliza utumie uzi gani, uipake rangi gani, na ufunge kwa bizimu au kwa vifungo vya kubonyeza. Hayo yote yatasubiri. Ngozi hiyo usiikate.

Mimi nilishona mkoba kama huo kwa ngozi kama hiyo. Ulipokuwa mpya ulikaa vizuri, umebana chini ya kiti. Nikatia tyubu ya akiba, spana, viraka, pampu ndogo na kufuli. Haukupita muda, chini pakaanza kulegea. Nikakaza mikanda, nayo ikavutika, matundu ya bizimu yakarefuka. Nikatoboa mengine, yakarefuka pia. Mwisho wake mkoba ukalala juu ya tairi nikiwa kwenye mteremko. Tairi la nyuma likiwa kwenye kasi halibembelezi ngozi ya milimita moja: lilikula sehemu ya chini mpaka ikatoboka, vifaa vikamwagika barabarani, na mkanda mmoja ukakatika ukawa unapigapiga karibu na spoku. Huo mkanda ungeingia ndani ya gurudumu, gurudumu lingekwama ghafla, na hapo tusingekuwa tunazungumzia mkoba tena.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilipoukagua, hakuna mshono hata mmoja uliokuwa umeachia. Kazi ya mkono ilikuwa nzima kabisa. Ngozi ndiyo iliyokubali kuvutwa.

Na yule muuzaji! Nilimweleza wazi kuwa ni mkoba wa baiskeli, utabeba vyuma. Akanijibu, "Ngozi ni ngozi, chukua hii laini, sindano itapita bila taabu." Mtu anayeuza ngozi kila siku anajua tofauti, ila alikuwa na rundo la kumaliza. Hata wanaofundisha kwa video sijawasamehe. Wanakuonyesha mkoba siku ulipomalizika, mtupu, juu ya meza safi. Nionyeshe mkoba huohuo umejaa spana baada ya miezi ya mashimo na mvua, ndipo nitakusikiliza.

Ngozi ya sofa kwa kawaida hutengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu, hupunguzwa unene ikawa nyembamba, kisha hulainishwa kwa makusudi ili imfuate mtu anavyokaa. Ilitengenezwa ikaliwe, wewe unaitaka ining'inie na mzigo! Mkoba wa baiskeli unataka ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, ile inayokaa wiki nyingi kwenye maji yenye tanini, ile dawa inayotoka kwenye magome hayo. Unene wake uwe milimita 2.5 hadi 3.5. Iangalie ukingo uliokatwa: ya magome ni ya kahawia mpaka ndani, wakati ya kromu mara nyingi katikati inaonyesha rangi ya kijivu au buluu, isipokuwa kama imetiwa rangi mpaka ndani. Dondoshea tone la maji upande ambao haujapakwa kitu. Ya magome hulinywa na kubadilika rangi hapohapo.

Ukisahau yote hayo, shika hili: ngozi isiyoweza kusimama yenyewe isiingie kwenye mkoba huu. Chukua kipande cha upana wa vidole viwili na urefu wa shubiri moja, kishike ncha moja kwa mlalo, uachie ncha nyingine. Kikianguka na kuning'inia, rudisha. Kikibaki kimenyooka, tunaweza kuzungumza. Fanya hivyo dukani, mbele ya muuzaji, na wala usimwonee haya.

Tena usidanganyike kwamba ya magome yote ni sawa. Ngozi ya upande wa tumbo huvutika hata ikiwa nene. Ikunje uso, yaani ule upande laini wa nje, ukiwa ndani. Ukiona makunyanzi makubwa, yaliyolegea, hilo ni tumbo. Mikanda ikate kwenye ngozi ya mgongoni, kwa kufuata urefu wa uti wa mgongo, halafu itundike na mzigo usiku kucha kabla hujatoboa tundu hata moja.

Kuna atakayekuambia utumie hiyohiyo ya sofa, ila utie ubao mwembamba au plastiki ngumu ndani. Ubao unausaidia mkoba mzuri usiyumbe. Mkoba laini hauuokoi, kwa sababu uzito bado unaning'inia kwenye mikanda na kwenye matundu yake, na hapo ndipo unapoanzia kuharibika.

Uzi: uliopakwa nta, wa kitani au wa polyesta, wowote. Tumia sindano mbili kwenye ncha mbili za uzi mmoja, zote zipite kila tundu zikitokea pande tofauti, ili upande mmoja ukikatika mwingine uendelee kushika. Kata uzi wenye urefu wa mara nne ya mshono. Matundu yatoboe mapema kwa msharasi. Bizimu ziwe za shaba, maana chuma kikilowa huacha madoa meusi kwenye ngozi ya magome na hayatoki kirahisi.

Kabla ya yote hayo, tengeneza mkoba wa kadibodi, ujaze vifaa vyako vyenyewe, ufunge kwenye vile vyuma viwili vya chini ya kiti na kwenye bomba lake, kiti kikiwa kwenye kimo unachoendeshea. Kati ya kadibodi na tairi pabaki nafasi ya vidole vinne vilivyopangwa. Pakipungua, punguza kina cha mkoba, usipandishe kiti.