Kabla hujanunua supachaja ya V8 yako ya kutembelea

Kila kijana akipata gari ya V8 (injini ya silinda nane zilizopangwa umbo la V) ya Kimarekani, iwe Mustang, Camaro au Challenger, swali la kwanza ni supachaja gani (mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili isukume hewa zaidi ndani) inatoa hospawa, yaani nguvu, nyingi. Na mimi nilianza hivohivo, ikanigharimu injini. Anza na injini uliyonayo na mafuta unayoweka kila wiki, supachaja ije baadae.

Yangu ilikua LS3, injini ya V8 ya GM ya familia ya LS, nikanunua seti ya supachaja ya mtumba haina intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye supachaja), na aliyeniuzia alishabadilisha puli (gurudumu la mkanda) akaweka ndogo ili busti, yaani mgandamizo wa hewa unaoongezwa, ipande, mimi sikupima kitu nikafunga tu. Siku moja jua kali nimetoka kwenye foleni nikakanyaga, nikasikia mlio kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo, nikadhani ni mkanda tu, nikaendelea kukanyaga. Tulivyofungua, pistoni ya silinda namba 7 ile sehemu nyembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili imemeguka kipande kama ukucha. Pistoni za LS3 ni za kumimina na kompresheni yake (inavyobana hewa na mafuta ndani ya silinda) ni 10.7 kwa 1, injini ikianza kugonga chini ya busti, yaani mafuta kulipuka yenyewe ovyo, ndio ule mlio wa kokoto, pistoni hizo hazina uvumilivu.

Piga hesabu ndogo tu: hewa ya kawaida usawa wa bahari ina mgandamizo wa psi 14.7, ukiongeza psi 7 umeongeza karibu nusu ya hewa yote inayoingia. Hewa ikigandamizwa inachemka, na hewa ya moto ndio inaleta kugonga. Kwahiyo kwa gari ya kutembelea, injini haijafunguliwa, mafuta ya kituoni ya oktani ya juu (yanayostahimili kugonga), mimi nakwambia baki psi 6 mpaka 8 na intakula iwepo, hilo sibishani na mtu. V8 za zamani za kompresheni 8.5 zina nafasi zaidi, ila Mustang GT ya 2018 kuja juu iko 12 kwa 1, hapo bila mtu anaejua kutuni (kupanga programu ya kompyuta ya injini) usiguse.

Sasa aina za supachaja. Roots (TVS za kampuni ya Eaton ziko humo) na za skrubu mbili kama Whipple zinakaa juu ya injini katikati ya V, zinasukuma kiasi kilekile cha hewa kila mzunguko, yaani rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) 2000 tu busti ishafika, unagusa mafuta gari inaondoka. Za sentrifugo kama ProCharger na Vortech zinakaa mbele pembeni, busti inapanda kadiri injini inavyozunguka, utamu uko juu huko. Mjini muda mwingi uko kati ya 1500 na 3500, ndomana kwa gari ya kila siku mimi nachagua ya juu ya injini, ingawa ukitoka kwenye foleni inakua imeshika joto na nguvu inapungua kidogo, na pima boneti kwanza maana nyingine haifungi. Sentrifugo ni rahisi kufunga na kwa pistoni za kiwandani ina huruma zaidi, kwasababu huku chini haisukumi sana.

Nunua seti kamili, yenye injekta, pampu ya mafuta na programu ya kompyuta ya injini. Zile za bei rahisi zinakuachia hayo utafute mwenyewe, na ukijumlisha mwishoni umezidi bei ya ile kamili uliyoikimbia. Weka plagi za baridi, yaani zinazopoza ncha yake haraka, hatua moja zaidi ya za kiwandani. Alafu kwenye LS krenki (shafti kuu ya injini) haina kile kichuma cha kuzuia puli isizunguke, inashikwa na bolti na kubana tu, supachaja inavuta mkanda kwa nguvu puli inaweza kuzunguka peke yake, kwahiyo toboa uweke pini kabla hujafunga chochote mbele. Mkanda ukiteleza utaona vumbi jeusi kwenye puli na busti inashuka wakati rpm inapanda.

Ukishatembea kilomita mia chache chomoa plagi zote, uzipange kwa namba za silinda, uangalie ile kaure nyeupe ya ncha ya plagi kwa lenzi na taa kali. Ukiona vitone vidogo vinang'aa kama unga wa bati, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, usiwashe tena mpaka aliyetuni aiangalie.